Mama Niliyemzika kwa Mdomo

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya niliyaona kwa macho yangu, saa tisa alasiri, sijalewa wala sina homa. Nakuapia.

Polio ilinichukua miguu kabla sijafika miaka mitatu, huko kwetu milimani, Kivu Kusini. Ndiyo maana kiangazi cha 2015 niliamua kuendesha baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, kutoka Louisville ninakoishi huku ughaibuni, kupitia Columbus, hadi Buffalo kwa dada yangu Esta. Njiani ningesimama makanisani kuwaambia watu wetu kwamba polio bado ipo duniani, wawachanje watoto. Shemasi Ruben alinifuata kwa gari. Nilianza kwa moyo safi, niamini.

Kwenye ibada ya kuniaga nilisimama kusema, watu wakaanza kuchezea simu zao. Wametoka zamu ya usiku ghalani, nani ana habari na chanjo? Nilikata tamaa. Basi nikasema mama yangu alinificha kwenye zizi la ndama siku wachanjaji walipokuja, na kwamba alikufa akijuta. Uongo mtupu! Mama alikuwa hai, katika kambi ya wakimbizi Burundi. Wala hakunificha. Alinibeba mgongoni siku mbili hadi zahanati, akaambiwa chanjo imekwisha.

Lakini kanisa zima liliamka. Columbus nikarudia maneno yaleyale, na kwetu ukisema umefiwa, watu hawaishii kukupa pole. Akina mama walipika, wakaketi nami, wakaimba nyimbo za msiba. Mzee wa kanisa akaomba sala ya kuondoa matanga. Nikakaa kwenye kiti cha mfiwa, nikala chakula cha matanga ya mtu anayepumua. Ningefanyaje? Niliona aibu kusema ukweli, nikala.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumamosi iliyofuata, tukikaribia Buffalo, ukungu ulitoka kwenye ziwa lililo kando ya barabara, mchana kweupe. Mabega yalikuwa yananiwaka moto, na gari la Ruben silioni tena nyuma. Mbele yangu, pembeni mwa barabara, mwanamke alikuwa akitembea peku, kitenge begani. Nikamfikia, nikakaza mikono nimpite. Sikumpita. Yeye anatembea polepole, mimi nazungusha kwa nguvu zangu zote, na bado tuko sambamba. Umewahi kuona jambo kama hilo? Alipogeuza uso, alikuwa mama.

"Mwana wangu, ulinizikaka wapi?" aliniuliza, bila hasira. "Nilisikia watu banalia. Bon, unionyeshe kaburi yangu, nilale. Nimechoka."

Nilitaka kumwambia, "Mama, uko hai, nilidanganya, unisamehe." Nililia tu. Alinisubiri, akanisubiri, kisha akashuka majanini akiangalia chini, kama mtu aliyeangusha sindano. Ukungu ukamfunika. Ruben alinikuta hapohapo, vidole vimekauka kwenye mipini.

Kabla sijamweleza lolote, simu ikalia. Ni Esta, na Ruben alimsikia.

"Kaka, mama ana shida. Kambini banasema tangu Jumapili anakataa kula. Anasema matanga yake ilishaisha, donc nani anapikia maiti?"

Ruben akanitazama. "Mama gani? Si tulimulilia Columbus?"

Buffalo niliingia ndani ya gari, baiskeli imelala nyuma.

Makanisa yote mawili nimeyapigia magoti nikasema ukweli. Wengine walinisamehe, wengine hawaniamkii hadi leo, na sawa, nastahili. Lakini mama? Hajafa. Wanamlisha kwa kumbembeleza, kijiko kimoja kimoja, na akimeza anaomba radhi, eti anamaliza chakula cha watu walio hai. Kila Jumapili nampigia, wanamwekea simu sikioni, namwambia, "Mama, ni mimi, uko hai, mimi ndiye niliyedanganya." Ananisikiliza vizuri kabisa, ananibariki. Halafu ananiuliza kama nimeshapata pahali pa kumlaza.

Kwa hiyo wewe unayenisikia, mchanje mtoto wako. Na ukisimama kuwaambia wengine, sema yaliyotokea tu, hata wakikukoromea usoni. Kama mama yako yuko hai, mpigie leo, umsikie akikwambia amekula.