Sanduku la Spana

Ko, ko, ko. Babu aligonga chuma mara tatu kwa bisibisi yake ndefu, kama anayebisha hodi, ndipo akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Mlio huo ninao mpaka leo.

Alikuwa injinia wa kivuko. Miaka yote alivuka kati ya Mwanza mjini na Kamanga bila kuliona ziwa, maana kazi yake ilikuwa kule chini, kwenye joto na dizeli. Alipostaafu, watu wa Mkuyuni wakawa wanamletea mashine za kusaga na pampu za maji hapo uani kwetu. Mimi nilikuwa mdogo, bisibisi ilinizidi uzito, akanipa mwiko wa bibi wa kusongea ugali.

"Weka hapo. Inasemaje?"

"Inakohoa, babu."

"Kikohozi cha mafua au cha sigara?"

Bibi akalalamika wiki nzima kwamba ugali unanuka dizeli.

Kwetu babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo aliniita mke wangu. Krismasi moja, ukoo wote umekaa uani, akalipiga sanduku lake la spana kwa kiganja. "Mke wangu, mahari yako hii hapa. Siku nikiondoka, ulichukue." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, nikapiga na vigelegele. Lakini nilimwona macho, nikajua hatanii. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, na kichwani nilishajenga karakana yangu, nimeshapaka hadi rangi ya geti. Kilichobaki ni vifaa tu.

Babu akafa wakati wa masika. Matanga yalipoisha, ukoo ukakaa kugawa vitu vyake, na aliyeongoza ni baba mkubwa. Koti kwa huyu, baiskeli kwa yule. Zamu ya sanduku ilipofika nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba mkubwa. Sanduku babu alinipa mimi. Wote mlisikia."

"Marahaba. Tulisikia utani."

"Hakuwa anatania."

"Si alikuita mke pia? Haya, vaa nguo nyeusi, kakae chumbani na bibi yako, mjane mdogo!"

Waliocheka Krismasi wakacheka tena. Nikamtazama bibi. Alikuwa anachomoa nyuzi za mkeka, hakuinua uso. Shangazi akanitupia kitenge mapajani, eti mtoto wa kike spana za nini.

Laiti baba mkubwa angempa fundi yeyote, ningenyamaza. Wiki haikuisha, mkokoteni wa chuma chakavu ukasimama mlangoni. Spana ambazo babu alikuwa anazifuta moja moja kila Jumamosi zilimwagwa humo kama mawe, zikauzwa kwa kilo. Bisibisi ilikuwa juu kabisa. Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika ndoo ya maji.

Watu kanisani wananiambia nisamehe. Najaribu, haikubali. Na si baba mkubwa peke yake anayeniuma. Naumizwa na vile vigelegele vyangu. Ningesema tu, "Babu, rudia, useme bila utani," angerudia. Asingenikatalia kitu. Lakini nilipenda kucheka naye, na kicheko hicho ndicho kilichonipokonya sanduku.

Siku hizi nauza wali na samaki Kamanga, navuka na vyombo vyangu kila asubuhi. Bado naota karakana, siwezi kujizuia. Juzi tulipofika ng'ambo abiria wakashuka wote mbio, nikabaki nyuma nafunga mzigo. Sakafu ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yangu, injini bado inazunguka. Nikachomoa mwiko kwenye ndoo ya vyombo, nikapiga magoti, nikagonga chuma mara tatu. Nikaweka mpini sikioni, nikafumba macho.

Ilikuwa inakohoa. Cha sigara.

Nikaufuta mwiko kwa kanga, nikaurudisha kwenye ndoo, nikashuka.