Kitobo cha Mwisho cha Kofia ya Nasir

Msinicheke. Haya niliyaona kwa macho yangu, jua likiwaka, watu wamejaa, na mimi si mtu wa kupenda habari za mashetani. Kwetu hapa Maskati mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka wengine.

Kila majira ya baridi kuna maonyesho ya mambo ya kale katika bustani moja hapa mjini. Hujengwa mtaa mzima wa makuti, na sisi mafundi huvaa kama walivyovaa bibi zetu. Yuko anayefinyanga mitungi, yuko anayesuka mikeka, na wapigaji wa ngoma na zumari hawanyamazi. Mimi nashona kofia za viua, zile za vitobo vilivyozungushiwa uzi. Tumepewa masharti mawili tu: simu zetu zisionekane, na mtu akituuliza kitu tumjibu kama watu wa zamani. Nisiwafiche, kule kuigiza nakupenda kuliko hata kushona. Nikiona watu wamenizunguka, ulimi wangu hauna breki.

Mwaka juzi nilikwenda na kofia ya Nasir, mwanangu wa pekee. Zilikuwa zimebaki wiki tatu aoe. Katika ukoo wetu kofia ya bwana harusi hushonwa na mama yake, na hubakishwa kitobo kimoja kisichoshonwa mpaka asubuhi ya harusi, mwenyewe akiwa amepiga magoti mbele ya mama. Kipimo chake ni uzi tu. Unauzungusha kichwani, unapiga fundo pale unapokutana, unauweka. Kofia ya namna hiyo haitembezwi. Lakini ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote, na mimi napenda sifa, basi nikaibeba pamoja na uzi wake.

Baada ya sala ya alasiri akaja kijana akasimama mbele yangu. Amevaa kanzu ya merikani, kitambaa ambacho mara ya mwisho nilikiona ndani ya sanduku la bibi yangu. Miguu mitupu, kichwa wazi. Mahali pengine popote ningeshtuka. Lakini pale nishtuke nini, na sote tulikuwa tumevaa vivyo hivyo? Nilijua ni mwigizaji mwenzangu, tena nikamwonea wivu kwa ile kanzu.

"Kofia ya nani hii?" akaniuliza.

"Ya mwanangu. Anaowa."

"Na mie nlikuwa naowa. Mama alikuwa akinishonea. Hakuwahi kuimaliza."

Alivyoyasema, Wallahi, watu waliokuwa wakipita walisimama. Wakatoa simu zao wakaanza kutupiga picha. Nami nitaachaje nafasi kama ile? Nikapaza sauti: "Basi usilie, baba. Mie ndo mamaako. Njoo nikupime, nikumalizie."

Wakanipigia makofi. Kijana akapiga magoti. Nikautoa uzi wa Nasir nikamzungushia, na ncha zake zikakutana palepale penye fundo, wala haukuzidi wala haukupungua. Nywele zake zilikuwa na unyevu, baridi kama kitambaa kilichofunikiwa mtungi. Vidole vyangu viliingia ganzi. Ndipo ningeacha, niaminini, nilitaka kuacha. Lakini watu walikuwa wakitazama. Nikatia uzi kwenye sindano nikakishona kile kitobo cha mwisho.

"Ahsante, mama," akasema. Akaivaa kofia, akapita katikati ya wapiga ngoma. Nikangoja airudishe, kama waigizaji wanavyorudishiana vitu. Hakurudi.

Kulikuwa na dada wa Kiganda, Namuli, aliyekuwa akigawa kahawa pale. Akanijia akitabasamu. "Mama, mbona kijana wako ameondoka haraka? Hata kahawa amekataa, ati khalas, mama amemaliza."

"Kijana yupi?"

"Si huyu mwenye kofia mpya? Nimemuuliza jina, akasema anaitwa Nasir."

Jina la mwanangu sikulitaja hata mara moja siku ile. Nilifunga vitu vyangu nikaenda zangu nyumbani.

Nasir alirudi kutoka kazini jioni. Akasimama mlangoni, akavua viatu, akasema, "Salaam aleikum, khalati." Khalati ndivyo tunavyomwita mama wa mtu mwingine. Nikadhani ananitania. Nikamwambia aache mzaha, akanitazama kwa adabu, hajui kosa lake ni nini.

Tumekwenda kwa madaktari, wamesema hana kitu. Tumesomewa na masheikh. Anakumbuka kila kitu, skuli yake, maziko ya baba yake, hata homa aliyougua utotoni nikakesha naye. Ukimuuliza nani aliyemzaa, atanionyesha mimi kwa kidole. Lile neno "mama" tu ndilo halimtoki. Nilimpima tena nikamshonea upesi kofia nyingine mbili za kazi nyepesi, zote hazikumkaa, na siku ya harusi alifunga kilemba juu ya kichwa kitupu. Mimi nililia, watu wakadhani ni furaha.

Na kila alasiri, nikishika sindano, kuna mtu huniita kutoka nje ya mlango. "Mama." Si sauti ya Nasir. Nasoma aya ninazozijua, siitiki.

Basi nyinyi mnaopenda kuvaa nguo za watu wa kale, vaeni. Pigeni zumari, finyangeni, sukeni mikeka yenu. Lakini akikujia usiyemjua akataka uwe mtu wake, mwambie nafasi hiyo ina mwenyewe. Usimkubalie hata kwa mchezo, hata umati mzima ukikupigia makofi.

Mimi mpaka leo sijaitika. Ila wiki iliyopita Nasir alipita kuniletea samaki kutoka kwa wavuvi wa Sidab. Akaniuliza hali, akasema, "Haya khalati, nnakwenda," akafunga mlango. Sijakaa, ile sauti ikaniita, taratibu, kwa mapenzi, kama mtoto aliyeamka usingizini. Nikajikuta nimeshasimama, mkono uko kwenye kitasa. Nani mwingine amebaki wa kuniita mama?