Majibu Kutoka Nje ya Dirisha

Nimezeeka na hasira hii, wala haijapoa.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nikifundisha watu wazima mazungumzo ya Kiingereza katika ukumbi wa kanisa mtaani Matisi, Kitale. Mwanafunzi wangu hodari alikuwa mama muuza vitunguu, mzaliwa wa Bungoma. Nyumba moja ya wageni ilikuwa imemwahidi kazi ya mapokezi akipata cheti, na magoti yake yalikuwa yamechoshwa na soko.

Katikati ya muhula akajiunga mkwe wake, mume wa bintiye. Kwao, mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Ni heshima, na inalindwa. Basi tukapanga bila maneno mengi: mama aje asubuhi, kijana jioni.

Siku ya mtihani akaja msimamizi kutoka Bungoma. Watahiniwa walizungumza wawili wawili mbele yake, naye akawaita hao wawili pamoja. Nikamnong'oneza kwamba hao ni mtu na mama mkwe wake.

"Najua," akasema. "Si hata mimi ni wa huko? Hiyo ni mambo ya zamani, bana. Kiingereza haina mama mkwe."

Damu ikanichemka. Asiyejua ningemsamehe. Huyu alijua, na nina hakika akimwona mama mkwe wake mwenyewe njiani huingia vichakani. Nikamwomba awabadilishe, akaniambia nisimfundishe kazi.

Mama akajitanda leso, akatoka. Nilidhani amekwenda zake. Kumbe alisimama nje, karibu na dirisha, akaupa ukuta mgongo.

"Niulize tu, baba," akamwambia mkwewe.

Kijana akauliza kwa Kiingereza, macho sakafuni. Majibu yakaingia dirishani, safi kabisa: bei ya chumba, maji ya moto, saa ya chai. Kijana alipokwama, mama alimvusha taratibu mpaka akamaliza.

Msimamizi akaandika kwamba kijana amefaulu, na kwamba mama hakuwapo.

"Mimi napima mwenye ako ndani," akaniambia, akafunga kalamu yake. Nilimwambia maneno ambayo hayasemwi kanisani, na sijayajutia.

Nje, mama aliniuliza kama yule bwana alimsikia. Nikamwambia alisikia kila neno.

"Basi anajua naweza," akasema, akarudi sokoni na magoti yale yale.