Bia ya Kusomewa

Watu wa mtaa walimwita Gundi, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu na vidole vyake havikuwahi kutakata. Hata siku ya kumwoza bintiye, ndani ya suti ya kuazima, utando mweupe ulikuwa umemkaukia kwenye kucha. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la fotokopi: meza ndefu, kikandamizo cha chuma chenye usukani juu, sindano nene, uzi uliopakwa nta, na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Humo ndimo alimootea mvi.

Nje ya nyumba yake Gundi alikuwa na mapenzi mawili, na yote mawili yalikutana Jumamosi alasiri. La kwanza ni bia. La pili ni mtu aliyeinywa naye, fundi friji aliyeitwa Baridi. Msidhani ninawaletea habari za mlevi. Gundi alikunywa kama alivyoshona, taratibu, na mkewe hakuwahi kumfungulia mlango akiwa amebebwa. Walikaa meza ya pembeni, Baridi upande wa ukutani kwa kuwa sikio lake la kushoto halikusikia, na walikuwa na sheria yao: chupa moja, glasi mbili, mmoja anamimina, mwenzake anachagua. Anayemimina hachagui. Sheria hiyo ilizaliwa enzi za ukata, walipomudu chupa moja kwa watu wawili, na mmiminaji alilazimika kuwa mwadilifu kama hakimu. Baadaye walimudu hata chupa nne, lakini sheria haikufutwa.

Sasa oneni upumbavu wa watu wazima. Miaka yote hiyo hawakuwahi kutembeleana. Baridi hakujua Gundi anakaa mtaa gani, na Gundi hakujua jina ambalo Baridi aliitwa na mama yake. Namba za simu hawakupeana. Za nini? Jumamosi haikuwahi kuhama. Kila mmoja angeweza kukuambia mwenzake anaogopa nini, na alimpenda nani kabla ya kuoa, lakini ukimwuliza nyumba ya mwenzake iko wapi angebaki anakodoa macho.

Kisha ini likamgomea Gundi. Daktari, kijana mpole, alizitazama picha, akamtazama na yeye, akasema, "Mzee, bia basi. Sisemi upunguze. Nasema basi."

Mtu mwenye akili angekwenda Jumamosi ile ile kumweleza rafiki yake. Gundi hakwenda. Aliona haya. Alikuwa na kiburi kidogo ambacho hakuwahi kukihitaji mpaka siku hiyo, na kiburi hicho kilimwambia kwamba ni afadhali aonekane amepotea kuliko aonekane anakunywa soda. Jumamosi ya kwanza akapanga mbao za stoo. Ya pili akazipangua, akazipanga upya. Ya tatu mkewe akamnyang'anya mbao.

"Urafiki wa chupa huisha na chupa, baba watoto," mkewe alimwambia akimmiminia chai, wala hakusema kwa ubaya. "Angekuwa rafiki angekutafuta."

"Anitafute wapi? Hapajui hapa."

"Penye nia pana njia."

Neno lile lilimchoma. Akabaki na swali ambalo halikumezeka wala kutemeka: zile Jumamosi zilikuwa zao wawili, au zilikuwa za bia, na wao walikuwa wasindikizaji tu? Maana aliikumbuka bia, asikudanganye mtu. Aliukumbuka ubaridi wa glasi kiganjani na uchungu ule wa kwanza unaokunja ulimi kabla haujauburudisha. Lakini akijaribu kuifikiria glasi peke yake, bila ule mkono wa Baridi kuufuta mdomo wa chupa kwa kiganja, kiu yenyewe ilikatika.

Mambo yakiwa hivyo, akaja mjane mmoja, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, na kikapu cha vitabu. Marehemu mumewe alikuwa na ugonjwa wa kukusanya vitabu vya bia. Kimoja kilieleza shayiri na maji, kingine maumbo ya glasi, kingine safari za mtu aliyezunguka nchi baada ya nchi akionja na kuandika alichoonja. Migongo ilikuwa imebanduka, nyuzi zimelegea. Na kimoja kinene kilikuwa kimelowa zamani, kurasa za katikati zikagandamana zikawa kitu kimoja.

"Hiki alikimwagia bia yeye mwenyewe, akicheka," mjane alisema. "Kifungue, fundi, lakini usikisafishe. Doa nalitaka."

Kazi ya kujalidi ina kanuni yake: hushoni kabla ya kuhakikisha kurasa zimefuatana, na huwezi kuhakikisha bila kuutupia jicho kila ukurasa. Kwa kawaida Gundi alitazama namba tu. Vitabu vya sheria, vya dini na vya hesabu vilikuwa vimepita mikononi mwake bila kumwachia hata neno. Hivi vilimshinda. Alianza kwa kutazama namba, akajikuta anasoma mistari, akajikuta amevuta kiti. Mchana ukaisha hajashona hata kimoja. Walioandika walijua kusifia, hilo hawezi kuwanyima. Lakini kila alipofunga kitabu alihisi kuna kitu wamekiruka. Walisifu povu, walisifu rangi, walisifu pipa na aliyelitengeneza. Juu ya mtu wa upande wa pili wa meza hawakuandika kitu.

Siku ya kukifungua kile kilicholowa, alichemsha maji, akazishika kurasa zile juu ya mvuke, akapenyeza kati yake kipande chake bapa cha mfupa, kifaa cha kubandulia karatasi, bila papara. Ukurasa wa kwanza ulipoachia, harufu ikapanda. Ilikuwa bia kuukuu, iliyolala humo miaka, chachu na tamu kidogo. Gundi aliweka kifaa chini. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu, aliinamisha uso juu ya karatasi zenye unyevu na kuvuta pumzi mpaka miwani ikaingia ukungu, na alipoivua kuifuta aligundua kwamba si mvuke peke yake uliokuwa umeilowesha. Kurasa zenyewe, kwa taarifa yenu, zilieleza namna ya kuosha glasi.

Mjane alipokuja kuchukua vitabu hakutazama migongo wala mishono. Alikifungua kile chenye doa, akakisukuma mbele ya Gundi.

"Nisomee kidogo. Nijue kama kinasomeka."

Gundi akamsomea habari za kuosha glasi, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Mjane alikuwa amefumba macho.

"Alikuwa akinisomea hivi kila jioni kabla hajafungua chupa yake," alisema. "Mimi niko jikoni nampigia kelele, soma kimoyomoyo, unanichosha. Haya, amesoma kimoyomoyo." Akapapasa meza mpaka akaligusa doa. "Na wewe fundi? Mtu hasomi habari za bia kwa uchungu hivyo kama hakuinywa. Ulikuwa unakunywa na nani?"

"Na fundi friji mmoja."

"Amefariki?"

"Hapana. Sijui."

"Hujui?" Mjane akafumbua macho. "Mimi wangu najua aliko, ndiyo maana siendi kumtafuta. Wewe unangoja nini?"

Alipoondoka alimwachia kitabu kimoja chembamba, cha namna ya kumimina na kunywa. Alisema kwake hakuna tena wa kukisoma, na kitabu kisichosomwa huliwa na mende.

Jumamosi iliyofuata Gundi akavaa shati safi na kwenda baa. Meza ya pembeni ilikuwepo, viti viwili vilikuwepo, Baridi hakuwepo. Mama mwenye baa, ambaye aliwaita wateja wake wote shemeji ili asikosee majina, alimpokea mkono kiunoni.

"Shemeji, umefufuka? Mwenzio alikaa hapo Jumamosi kadhaa. Anaagiza chupa moja na glasi mbili, anamimina, halafu anangoja. Hanywi mpaka povu linakufa. Mwisho akaacha kuja."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza kama siku ile ya mwisho alikuudhi. Nikamwambia mimi nauza bia, siuzi majibu."

Gundi aliketi kwenye kiti chake. Akaagiza soda, na kwa mshangao wake dunia haikupasuka. Ubavuni mwa friji kubwa ya baa palikuwa na karatasi iliyobandikwa, namba ya fundi, mwandiko wa Baridi wa herufi kubwa. Mama mwenye baa alifuata macho yake.

"Si upige?"

"Nipige niseme nini? Mtu aliyeondoka bila kuaga hapigi simu kuuliza hali."

"Basi ngoja friji iharibike. Akija kuitengeneza mkutane kwa bahati."

Alitania, lakini Gundi alilichukua neno kama lilivyo. Akawa anakuja kila Jumamosi, soda yake mbele, kitabu chembamba mfukoni, akiisikiliza friji. Haikuwahi kuwa nzima namna ile. Iliunguruma kwa afya, ikagandisha chupa mpaka wateja wakalalamika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, lakini friji ile ilikataa kunyamaza. Hatimaye Jumamosi moja, mama mwenye baa akiwa uani, Gundi alisimama, akapitisha mkono nyuma ya friji, akachomoa waya ukutani. Akarudi kuketi na uso wa mtakatifu.

"Friji imezima," alisema mama mwenye baa aliporudi. Alimtazama Gundi, akaitazama friji, akamtazama tena Gundi. Kisha, Mungu ambariki, akachukua simu akapiga namba ile bila kuuliza kitu.

Aliyekuja hakuwa Baridi. Alikuwa mwanamke aliyevaa ovaroli, mikono mitupu, hana hata bisibisi. Hakuikaribia friji. Alitazama meza moja baada ya nyingine mpaka akafika ya pembeni.

"Shikamoo. Samahani, wewe ndiye Gundi?"

"Marahaba. Ndiye."

"Kumbe upo kweli." Akacheka kicheko ambacho Gundi alikifahamu, cha kuanza kabla ya neno kuisha. "Mama alikuwa anasema hakuna mtu wa jina hilo, baba kajitungia apate sababu ya kutoka. Mimi ni bintiye, kazi nimeirithi mimi. Mguu wa baba umekataa, kaka amemchukua kwake, mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kabla hajaondoka alikutafuta. Alizunguka maduka yote ya vitabu na mkongojo wake, anauliza, mnamjua Gundi? Wote wakamletea chupa ya gundi."

Gundi alizitazama kucha zake zenye gundi kavu.

"Aliponikabidhi kazi akaniachia onyo moja. Ile friji ya baa nimeitengeneza kwa mkono wangu, alisema, haiharibiki. Ukiitwa kule usibebe vyombo, beba simu." Akainama, akautazama ule waya uliolala sakafuni, akaucheka. Kisha akabonyeza simu, akangoja, akampa.

"Hebu," ilisema sauti, ikiwa mbali na nzito kuliko alivyoikumbuka. "Nani kachomoa?"

"Mimi."

"Nilijua. Umekaa wapi?"

"Pale pale."

"Na kiti changu?"

"Kitupu."

Hawakuwahi kuzungumza kwa simu na hawakujua mtu aanzie wapi pasipo chupa ya kufungua.

"Unakunywa nini?" aliuliza Baridi.

Hapo ndipo alipopaogopa miezi yote. "Soda," alisema Gundi. "Ini, ndugu yangu. Nimekatazwa kabisa. Niliona haya kukwambia."

"Haya ya nini wewe? Mimi huku napewa maziwa. Mke wa mwanangu ni mtu wa dini, nyumba nzima hakuna hata kizibo." Pumzi ikasikika. "Nilidhani nimekukosea."

"Hukunikosea."

"Nilidhani ni ile hadithi niliyoirudia."

"Hadithi zako zote umezirudia, Baridi. Sikuja kwa ajili ya hadithi."

Baridi akakohoa upande wa pili. Gundi akahisi sasa simu itakatika, na watu wawili wasio na bia wala meza moja wataagana kwa adabu, na mkewe atakuwa amesema kweli. Mkono ukaenda mfukoni. Akakitoa kile kitabu chembamba, akakiweka mezani palipokuwa pakiwekwa chupa.

"Nina kitabu cha bia hapa," alisema. "Naweza kukusomea. Sikio gani hilo?"

"La kulia. Sogea." Kikasikika kiti kinaburutwa huko mbali. "Sheria ni ile ile?"

"Ni ile ile. Anayesoma hachagui."

"Basi nipe ukurasa wa katikati," alisema Baridi, "na usome polepole. Usinimalizie."