Balozi Pennefather na Jino la Waziri

Nimeng'oa meno hapa Grauwinkel, mji mkuu wa nchi yetu ndogo ya Wajerumani, kwa miaka thelathini na minane, na katika vinywa vyote nilivyochungulia, sikupenda kimoja kama cha balozi wa Waingereza, Bwana Ambrose Pennefather. Meno yalikuwa mabovu, lakini maneno yaliyotoka humo yalinifurahisha.

Alikuja mwaka 1841, kijana wa miaka ishirini na sita. Baba yake alikuwa kasisi wa kijijini mwenye watoto tisa, naye Ambrose alipata kazi wizarani London kwa sababu ya mwandiko mzuri tu. Alinakili barua za wakubwa kwa miaka sita, mpaka Grauwinkel ilipohitaji mtu na hakuna mwingine aliyekubali kuja.

Kijerumani chake kilikuwa salamu mbili. Alipanga chumba kwa Ottilie Krummbiegel, mjane kijana muuza soseji, mwanamke asiyependa mchezo. Kwake chakula hakikufika mezani mpaka kiombwe kwa lugha safi.

"Viazi," alisema Pennefather.

"Viazi vimefanya nini? Vimeanguka? Vimeoa? Anza upya, bwana balozi."

"Mama Krummbiegel, nakufa njaa!"

"Hiyo umeisema vizuri sana. Sasa turudi kwenye viazi."

Baridi ilipokwisha alizungumza kama sisi, na matusi ya sokoni juu yake.

Kazi aliyotumwa ilikuwa mkataba wa posta. Barua kutoka London ilizunguka wiki tano kabla ya kutufikia. Waingereza walitaka ipite njia fupi ya mto Rhine, na waziri wetu, Baron von Kettwitz, alitaka hivyo hivyo. Kilichowashinda ni nani amtembelee mwenzake kwanza. Baron alisema mgeni ndiye anayebisha hodi. London iliandika kwamba balozi wao asithubutu kutangulia. Basi kwa miezi minane wakawa wanapishana barabarani, wanavuliana kofia, kila mtu anakwenda zake.

Asubuhi moja ya Februari Pennefather akaingia kwangu, shavu limeumuka kama mkate. Hajakaa sawasawa, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Baron, taya limefungwa kitambaa. Alipomwona mwenzake akageuka aondoke, lakini jino likamkatalia.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "hapa si kwako wala si kwake. Hapa ni kwangu. Hakuna aliyemtembelea mwenzake. Keti."

Baron akaketi. "Nani anaanza?" akauliza, nami nikaingiwa na hofu kwamba tutakaa hapo miezi minane mingine.

Pennefather akainuka akainama. "Kiti ni chako, Baron. Nikilitazama shavu lako, naona jino lako limelipita langu kwa cheo."

Baron akacheka, akapiga yowe la maumivu, akacheka tena.

Niliwang'oa meno wote wawili, nikawajaza pamba mdomoni, nikawaamuru wasiseme neno. Hapo Pennefather akachukua kipande cha karatasi akaandika: "Njia ya mto?" Baron akatikisa kichwa kukubali. "Mara tatu kwa wiki?" Baron akanyoosha vidole viwili. Pennefather akashika shavu, akatoa macho ya kuomba huruma. Baron akaongeza kidole cha tatu. Nusu saa haikufika, mambo yamekwisha. Wiki iliyofuata walitia sahihi ikulu kwa tarumbeta, nyuso zao bado zimepinda.

London walifurahi, wakamwandikia barua ya kumpandisha cheo aende Lisbon. Alipeleka barua jikoni kwa Ottilie.

"Ureno kuna jua, Mama Krummbiegel."

"Basi nenda ukaanikwe."

"Nitakula nini huko?"

"Balozi mzima, na bado unazunguka! Unaniuliza habari ya chakula, au unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe, Ottilie."

"Afadhali. Unasubiri nini tena? Nenda kamwite kasisi."

Wakaenda Lisbon, kisha Copenhagen, wakapata mabinti watatu. Alipostaafu ndugu zake walimtarajia Uingereza, lakini yeye alishuka treni hapa na Ottilie wake, mvi kichwa kizima, akatafuta nyumba karibu na kinu, akaanza kufuga nyuki.

Kiangazi kilichopita kundi lake la kwanza lilitoroka likatua kwenye kofia ya meya, katikati ya uwanja. Meya akawa mweupe kama chaki. Pennefather akamsogelea taratibu, mzinga mkononi.

"Usitikisike, Mheshimiwa. Wanakuheshimu sana. Tuwape muda tu, waone kwamba wazo la kuhama ni lao wenyewe."

Kufika saa ya chakula cha mchana, nyuki wote walikuwa mzingani, na meya hakuwa na hata uvimbe mmoja.