Kamba ya Bi Mwanamina

Kule Ngorongo, kwenye bonde la Rufiji, hakuna aliyehitaji kuuliza shamba la Bi Mwanamina ni lipi. Wenzake walipanda jembe linapoangukia. Yeye alipanda kwa kamba. Kamba ya ukindu, aliyoisokota mwenyewe, yenye fundo kila hatua, na kila fundo lilikuwa shimo. Wanawake walimcheka kwamba hata ndege wanaona haya kutua kwake. Alikuwa mkali na mwenye maringo, na alipenda kuchekwa hivyo.

Kisha magoti yakamkatalia. Mumewe, Mzee Sadala, alipofariki, yeye peke yake hakuweza tena kupanda dungu la kulindia ndege wala kukimbizana na nguruwe. Shamba akamwachia mdogo wake, na Kondo, mwanawe wa pekee, akampeleka Mahege alikoishi na mkewe Mwajabu. Alikuja na jembe, kibuyu cha mbegu na kamba yake, akapewa kiwanja mbele ya nyumba, kando ya njia: hatua ishirini kwa kumi na tano.

"Hiki nini, Kondo? Kaburi?"

"Bustani, mama. Umeshalima vya kutosha. Sasa lima kwa raha."

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akachonga vigingi. Asubuhi na jioni akawa anakizunguka kiwanja, anachomeka, anang'oa, anasogeza. Udongo ulikuwa mgeni kwake. Bondeni mafuriko humwachia mtu unyevu, huku juu kwenye mchanga ni kungoja mvua. Basi alipanga akingoja: mihogo kule nyuma, kunde katikati, maboga yatambae uani, na mtama mstari mmoja mrefu kutoka mlangoni hadi njiani. Mwajabu alimwambia kuku wataumaliza. "Kuku watafungwa," akajibu. Ukweli ni kwamba alishaanza kufurahi, ila hakutaka Kondo ajue.

Kabla ya mvua, vita vikafika. Vilianza milimani Umatumbi, watu wamechoshwa na pamba ya Mdachi na viboko vyake, vikashuka pamoja na maji ya dawa ambayo, walisema, yangegeuza risasi kuwa maji. Kondo naye alinyunyiziwa. Bi Mwanamina hakuyaamini wala hakuyakataa. Alimwona mwanawe maji yakimtiririka usoni, akaogopa.

"Nitakaporudi nitaiona mistari yako tangu kule kwenye kona ya njia," Kondo alimwambia akiaga kwenda vitani. "Nikiiona tu, nitajua mama yupo."

Mwezi wa Shaabani askari wa Mdachi wakapita Mahege. Walichoma nyumba, wakachoma ghala, wakafyeka hata migomba. Wanawake wawili walikuwa kichakani, mkubwa amekumbatia kibuyu, jembe na kamba yake, mdogo ameshika tumbo la miezi mitano. Waliporudi walikuta mwimo mmoja wa mlango umesimama, mweusi, na vigingi vimekanyagwa. Wakajijengea kibanda ndani kabisa ya kichaka.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, Bi Mwanamina alichukua jembe na kamba. Mwajabu akamshika mkono.

"Mama, nakuomba. Wakiona mistari watajua kuna watu. Watachoma, kisha watatusaka. Na huyu tumboni atakula nini?"

Bi Mwanamina alitaka kumgombeza, lakini akalilaza jembe. Akakaa chini akapanga bustani yake upya, safari hii bustani ambayo hakuna atakayejua kuwa ni bustani. Muhogo mmoja chini ya kichaka, mwingine nyuma ya kichuguu. Kunde katikati ya magugu. Maboga juu ya kifusi cha nyumba iliyoungua, yatambae yanakotaka. Na magugu asiyang'oe! Anayemjua bibi yule anajua jambo hilo lilimkata maini. Mikono ilimwasha, akaikunja kwapani. Kamba aliifungia paa la kibanda, akalia mpaka Mwajabu naye akalia.

Askari wakarudi kweli. Mmoja alisimama juu ya mche wa muhogo akajisaidia haja ndogo, akaenda zake bila kuuona. Kule kichakani Mwajabu alicheka mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Walikula majani ya kunde, kisha wakala maboga. Alfajiri walichuma, na jua likipanda walijificha. Kwa mara ya kwanza maishani Bi Mwanamina alionea fahari kiwanja cha magugu.

Asubuhi moja, siku za Mwajabu zikiwa zimekaribia, walikuwa wanachuma majani alipotokea Bashiru, jirani yao aliyekimbilia Ikwiriri. Alikuja kutazama nyumba yake. Alipowaona aliruka nyuma.

"Bi Mwanamina! Ni weye?"

"Salamu kwanza!"

"Shikamoo. Lakini... Kondo ameshakuombea dua ya maiti."

Majani yalimdondoka. Bashiru akaeleza kwamba siku nne nyuma alikutana na Kondo njiani, amekonda, mkono una jeraha. Alikuwa amefika hapa mchana, akasimama njiani akitazama.

"Nikamwambia, labda wamekimbia tu. Akasema, 'Bashiru, mama yangu hawezi kuwa hai halafu kiwanja chake kikawa vile.'"

"Kaenda wapi?"

"Kwa wapiganaji wenzake, milimani, wapi hasa sijui. Anasema hana tena wa kumrudia. Wenzake hupita njia hii wakienda mtoni. Huenda atapita tena, huenda asipite."

Bashiru alipoondoka, Bi Mwanamina aliingia kibandani, akafungua kamba. Paa likalala upande mmoja. Akakung'uta kibuyu, ilitoka mbegu ya mtama ya kujaa kiganja, ndiyo ya mwisho.

"Mama, askari wataona," Mwajabu alisema.

"Wataona."

"Basi watachoma kila kitu!"

"Mwanangu, mie naogopa kama weye. Ukisema nisipande, sipandi. Lakini mumeo alisimama pale, akatuzika tungali hai."

Alifunga ncha moja ya kamba kwenye mwimo mweusi wa mlango. Mwajabu aliondoa mikono tumboni. Kisha akaichukua ncha ya pili, akatembea nayo polepole mpaka njiani, akaivuta ikakaza. Bi Mwanamina alipiga magoti yake mabovu, akaenda fundo kwa fundo, na kila alipopita aling'oa magugu.

Mtama uliota siku ya sita, mstari mmoja wa kijani kutoka mlangoni hadi njiani, umenyooka, unaonekana tangu kule kwenye kona. Wanawake wawili walikaa kichakani wakiutazama. Siku ya tisa walisikia hatua za mtu njiani, wakashikana mikono, wakangoja kuona ni nani.