Sikwensa Yangu na Baridi ya Njombe

Walisema sitaweza. Fundi redio wa jirani alisema nimekwenda Zambia kusoma, nikarudi na furushi la nyaya. Mama muuza viazi alisema stashahada haipigi muziki. Baba yangu mdogo, aliyeishi Lupingu kando ya ziwa, alisema katika ukoo wetu hajazaliwa mtu wa kuunda kinanda. Nimestaafu sasa, na maneno hayo bado yananikera, kwa sababu leo kila mtu Makambako anadai kwamba aliniamini tangu mwanzo.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa kwenye studio ndogo ya kurekodi kwaya, hapo hapo Makambako. Niliingia na sintesaiza, kinanda cha umeme nilichokiunda kwa mikono yangu: masanduku madogo yaliyounganishwa kwa nyaya, kila moja na kazi yake. Nisivyokuwa navyo niliazima kwa haohao walionicheka. Betri ilikuwa ya baba mdogo, spika ya mama wa viazi, chuma cha kuchomelea risasi cha fundi redio. Sharti lao lilikuwa moja: mashine ikinishinda, vitu vyao virudi siku hiyohiyo, nami nishike jembe.

Meneja wa studio alitazama taa nane za sikwensa, sanduku la kupanga mfuatano wa noti, zikiwaka moja baada ya nyingine.

"Kumbe inacheza yenyewe," alisema.

"Nikishaipanga, Meneja."

"Sasa mshahara nikupe wewe au niipe mashine?"

Wote studioni walicheka. Mimi sikucheka, na sicheki mpaka leo. Sikwensa haitoi hata mlio mmoja. Inatoa amri. Ina hatua nane, na kila hatua ina kitufe cha kuzungusha kinachoweka kiasi cha volti. Sanduku jingine, tunaloliita saa, hupiga mapigo; kila pigo likifika, sikwensa husogea hatua moja na kutoa volti ya hatua hiyo. Volti inaingia kwenye osileta, ambayo ndiyo yenye mlio: volti ikipanda, mlio unapanda. Waya wa pili hubeba geti, yaani amri ya kufungua na kufunga sauti, la sivyo mlio ungevuma bila kukoma. Baada ya hatua ya nane inarudi ya kwanza. Wimbo ukiwa wa mapigo sita, nilichukua waya kutoka hatua ya saba nikauchomeka kwenye tundu la kurudisha mwanzo. Sikwensa ikigusa ya saba, papo hapo inaruka hadi ya kwanza, na mzunguko unabaki wa sita. Nani aliyajua hayo? Mashine? Chini ya kila kitufe niliandika herufi za do, re, mi, zilezile ambazo kwaya zetu husomea nyimbo, na kila volti niliipima kwa sikio langu.

Kisha Meneja akatupeleka Njombe, kurekodi kwaya kanisani kwao. Nilikuwa nimeipatanisha mashine karakanani kwangu Makambako, jiko la mkaa likiwa pembeni. Njombe tulikuta asubuhi ya mwezi wa saba, ukungu mpaka mlangoni, waimbaji wamejifunga mablanketi. Nikawasha. Do ilikaa mahali pake, lakini noti ya la ilipanda. Mwalimu wa kwaya, Mbena mwenye sikio kali, akainua mkono.

"Fundi, hiyo la yako inakwenda wapi? Sisi tumebaki huku."

Kwaya nzima ilicheka. Meneja akaniambia nifungashe. Habari zilitangulia Makambako: nilipofika, fundi redio alishasimama mlangoni kudai chuma chake, na mama wa viazi nyuma yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kilichotokea.

Ningewaeleza. Sikwensa ilitoa volti zilezile. Ni transista za osileta zinazosikia baridi: zikipoa, nafasi kati ya noti na noti inapanuka, na noti za juu ndizo zinazopotea zaidi. Vitabu nilivyosomea havikuandikwa kwa ajili ya Njombe.

Niliwasihi wadai wangu wasubiri, nikamwomba Meneja safari moja zaidi: nikishindwa, wao wachukue vyao, naye anifukuze. Tulitangulia kufika. Niliwasha masanduku yote, nikaifunika osileta blanketi la sufu, nikaiacha ipate joto lake. Halafu nikaipatanisha palepale, ndani ya kanisa lile lenye baridi. Mwalimu aliimba la, nami nikazungusha kitufe mpaka milio miwili ikawa mmoja. Akasikiliza mizunguko kadhaa, kisha akawageukia watu wake.

"Haya, waimbaji. Mfuateni fundi."

Kuanzia siku hiyo hakuna kwaya ya Njombe iliyorekodi bila mimi. Vijana wa leo wanagusa vimraba kwenye simu na kudhani hatua hizo zilizaliwa humo. Mimi nilizipanga kwa waya.

Nilipopata vifaa vyangu, nilirudisha vya watu. Fundi redio nilimpa chuma kipya. Mama wa viazi nilimsubiri mpaka alipoijaribu spika yake mbele yangu. Mwisho niliteremka Lupingu na betri mpya, maana ya zamani ilikufa kazini. Baba mdogo akaunganisha nyaya, taa ikawaka.

"Kumbe ulikuwa unafanya kazi kweli," alisema.

"Ndiyo, baba."

Nikapanda milima kurudi Makambako mikono mitupu, na kila kifaa kilichoningoja karakanani kilikuwa changu.